Mama Wanane, Nafasi Tano

Asubuhi ya kwanza baada ya mfumo kusasishwa, simu ya mapokezi iliita kabla sijatua mkoba wangu. Nikapokea kwa ile sauti ninayolipwa kuitumia.

"Nani kati yenu ameniita Mwalimu Kunguni?"

Sauti niliijua. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni tuliyoipulizia dawa muhula uliopita, na kunguni wake, kusema kweli, walikuwa wa kupigiwa mfano. Akanisomea ujumbe ulioingia kwenye simu yake alfajiri: "Mpendwa Mwalimu Kunguni, tunapenda kukukumbusha kwamba." Ukaishia hapo.

"Mnanikumbusha nini?" akafoka. "Kwamba nina kunguni?"

Nikamwambia awe na subira, kipande cha pili kinakuja. Mfumo mpya ulikuwa unakata kila ujumbe mrefu vipande viwili, na kile cha pili kilikuja kilipojisikia. Maelezo hayo hayakumpoza. Alisema aliyeusoma kwanza ni makamu wake, mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitafuta kitu cha kumchekea, na sasa amekipata.

Inabidi nieleze. Sisi ni kampuni ya kuua wadudu. Jina letu kwenye kibao cha mlangoni ni refu na lina neno "suluhisho" ndani yake, lakini kazi ni hiyo hiyo: mende, panya, mchwa, kunguni. Wateja wetu hawapendi kujulikana, na mafundi wetu hawashiki majina ya watu. Wanashika wadudu. Mwambie fundi aende kwa fulani bin fulani, atazunguka mji mzima na gari la kampuni. Mwambie aende kwa Mama Mchwa, atafika amefumba macho. Kwa hiyo tangu kampuni ianze, kila mteja aliandikwa kwenye simu za ofisi kwa mdudu wake. Tulikuwa na Hoteli ya Mende, Daktari Panya, Wakili Siafu. Haikuwa dharau. Haya, kidogo ilikuwa dharau. Lakini ilikuwa siri ya ndani, kama nguo ya ndani, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja mfumo ungeivaa juu ya suruali ukatoka nayo barabarani.

Bosi akatoka ofisini kwake ameshika simu kwa vidole viwili, kana kwamba imemwagikiwa na dawa.

"Pilipili!"

Hilo ndilo jina langu pale kazini. Wanasema ni kwa sababu ya ulimi wangu. Mimi nasema ni wivu.

"Orodha yote ya mawasiliano isafishwe," akasema. "Wiki hii hii. Majina ya heshima, mtu mmoja mara moja, mdudu hata mmoja nisimwone."

"Mimi ndiye niliyesasisha?"

"Wewe ndiye unayepokea simu."

Huwezi kubishana na mantiki kama hiyo. Nikamwita aliyetuletea balaa. Alikuwa bwana mmoja wa kompyuta, mtaratibu, ana mkoba mgongoni na kauli moja tu, "ni sasisho tu," anayoitamka kama daktari anavyosema "ni sindano tu." Tulimwita Bwana Sasisho. Akavuta kiti, akanieleza kwa fahari kwamba mfumo umekusanya namba kutoka simu zote za ofisi na kuzitia kapu moja. Palipo na jina linalofanana mara mbili au mara kumi, mfumo umelifanya mtu mmoja. Na ujumbe wowote kutoka simu yoyote ya ofisi sasa utatoka kwa namba moja, ile ya mapokezi, na majibu yote yatarudi kwangu.

"Umoja," akasema, akifumbata vidole vyake ili nione umoja unavyokaa.

Kwa wateja lilikuwa jambo la maana, maana Hoteli ya Mende aliandikwa na kila mtu. Tatizo ni kwamba simu zile zilikuwa na maisha ya watu ndani. Tulikatazwa kuzitumia kwa mambo ya nyumbani. Katazo hilo lilibandikwa ukutani karibu na lile la kutokula mezani, na yote mawili tuliyasoma huku tunatafuna.

Nililigundua hilo saa ya chai. Kila siku saa ya chai nampigia mama yangu. Nikabonyeza "Mama," nikaegemea kiti.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekuwa nyembamba hivyo? Una mafua?"

Huyo hakuwa mama yangu. Mama yangu haulizi afya. Anauliza umekula nini ili apate la kukosoa.

"Samahani, naongea na nani?"

"Haya, mtu anampigia mama yake halafu anauliza ni nani! Nilijua zile dawa za mende zitakupanda kichwani. Nikakwambia fungua duka la vitambaa, hukusikia. Bado unalala umewasha taa?"

Kupitia kioo nilimwona Bosi anatia sahihi makaratasi kwa uso wa mtu asiyeogopa kitu duniani. Nikamwambia bibi yule kwamba ndiyo, bado nalala nimewasha taa. Akaniombea dua na kukata simu.

Nilicheka kidogo tu, kwa sababu mara moja nikaona hatari. Kama "Mama" amekuwa wa Bosi, wangu yuko wapi?

Hapa sina budi kumtaja Dada. Tumezaliwa wasichana wawili tu, yeye amenitangulia na hajawahi kuniacha nisahau. Mama alikuwa anaishi kwangu. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta chumba cha mama kitupu: kitanda hakuna, kiti chake hakuna, hata kile kioo kilichopasuka pembeni hakuna. Dada alikuja na gari, akampakia mama na vyombo vyake, akaniachia ufunguo kwa jirani. Sababu yake? Eti mimi nashinda kazini, mama anakaa peke yake akiongea na redio. Nilimpigia, nikamwambia ameniibia mama. Naye akanijibu kwamba mtu haibi cha kwake. Nikamwambia maneno ambayo bado nayaona yalikuwa ya haki na yalipangika vizuri. Nikaapa sitakanyaga kwake mpaka aniombe radhi. Naye, nilisikia, aliapa hivyo hivyo.

Kwa hiyo mama nilibaki naye kwenye simu tu. Kule kwa Dada alinunuliwa kijisimu kipya na laini mpya, na namba yake niliihifadhi mahali pamoja, kwenye simu ya ofisi, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nampigia, salio likiwa la Bosi. Mama mwenyewe hapigi. Anajua kupokea basi, na hata kupokea ni mpaka iite weee. Namba ya Dada naijua kwa kichwa tangu ujana, ila hiyo ndiyo namba ambayo vidole vyangu viligoma kuibonyeza.

Nikamfungua huyo "Mama" wa mfumo. Alikuwa mtu mmoja mwenye namba tano. Nikazipiga zote, moja baada ya nyingine. Ya kwanza mama wa Bosi tunamjua. Ya pili mama wa mhasibu, aliyetaka kujua lini ninaolewa. Ya tatu mama wa dereva, hakusikia hata neno. Ya nne mama wa mlinzi, ambaye alidhani napiga kutoka hospitali akaanza kulia, ikabidi nimbembeleze mpaka chai yangu ikapoa. Ya tano ilipokelewa na mwanamume.

"Bucha hapa. Nikupimie ngapi?"

Wangu hakuwemo. Nikamvamia Bwana Sasisho chini ya meza alikokuwa anachomeka nyaya.

"Mama yangu yuko wapi?"

Akatoka taratibu, akatazama kioo cha kompyuta. "Aa. Humu ofisini mlikuwa na Mama wanane. Mfumo unampa mtu mmoja nafasi ya namba tano. Umeona mtu hawezi kuwa na simu nane."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tatu umeziondoa."

"Umemtupa mama yangu."

"Haujamtupa. Umeboresha."

"Nakala ya akiba?"

Akajikuna shingo. "Nakala nayo imesasishwa."

Nikamuuliza yeye mama yake amemwandikaje. Akasema kwa majina yake matatu, pamoja na anwani na sanduku la posta. Nilimhurumia yule mama wa watu. Lakini ni kweli pia kwamba namba yake ilikuwepo na ya mama yangu haikuwepo, na hilo lilinikereketa rohoni.

Tangu hapo hiyo kazi sikuifanya kwa ajili ya Bosi. Niliifanya nikitumaini kwamba mahali fulani, chini ya jina la ajabu, ningekuta ile namba. Nilimwita kila mtu mezani kwangu aje kutambua ndugu zake, kama watu waliopotelewa na mizigo stendi. Kulikuwa na "Shemeji" mmoja aliyeshikwa na watu watatu. Kulikuwa na "Mpenzi," ambaye hakuna aliyekuja kumchukua wakati wenzake wanaangalia. Kulikuwa na "Usipokee," aliyekusanywa kutoka karibu kila simu. Nikazisoma namba zake kwa sauti, Bosi akiwa amesimama nyuma yangu na kikombe.

"Hiyo ya pili," akasema Bosi, "kama naijua."

Ilikuwa yake. Mhasibu akainamia kikokotoo chake. Dereva akakumbuka gari linahitaji maji.

"Ni hitilafu, Bosi," nikasema. "Mfumo unachanganya."

"Na hiyo ya tatu?"

Hiyo nayo ilikuwa yake, ile ya nyumbani. Akarudi ofisini kwake bila kumaliza chai, na siku nzima hakumpigia mtu.

Namba ya bucha alikuja kuitambua Barakoa. Barakoa ndiye mkuu wa wapulizaji wetu, jitu la miraba minne, anayeshinda na barakoa ya mpira usoni na bomba la dawa mgongoni. Mwaka huu ameanza kufuga masharubu, na ile barakoa huyalaza upande mmoja, kwa hiyo jioni uso wake unakuwa kama picha iliyoning'inizwa vibaya.

"Hiyo ni ya mama," akasema.

"Imepokelewa na mwenye bucha."

"Najua. Mama alishafariki. Laini wakampa mtu mwingine."

"Sasa mbona hujaifuta?"

"Ifute wewe."

Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Mfumo ulimbakisha mama aliyekufa ukamtupa wangu aliye hai, na kwa dakika hiyo nilimchukia mama wa Barakoa kana kwamba alinisukuma kwenye foleni. Halafu nikaona aibu. Nikaandika "Mama wa Barakoa," nikahifadhi. Barakoa akashika kofia yake, akaenda kwa Wakili Siafu.

Mpaka Alhamisi wateja wote walikuwa na majina ya heshima, na namba ya mama haikuonekana popote. Siku zile zote hakuna aliyemuuliza mama yangu kitu saa ya chai. Nilimwaza amekaa kwenye kile kiti, kijisimu mapajani, akidhani mwanawe mdogo amemchoka. Njia ilikuwa imebaki moja, kumpigia Dada na kusema tafadhali nipe namba ya mama. Nilifanya mazoezi ya sentensi hiyo chooni. Neno "tafadhali" lilikataa kutoka.

Ndipo nilipofungua majibu yaliyoingia. Katikati ya matusi ya Daktari Panya na maswali ya Mama Mchwa, nikaona namba ambayo ningeitambua hata gizani. Ilikuwa ya Dada. Ameandika hivi: "Mlango haujafungwa, ni wewe uliyejifungia nje. Njoo hiyo Jumamosi. Usile huko njiani. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unaamka na hasira."

Nikausoma tena. Nilifurahi, sikatai. Kisha nikajiuliza: Jumamosi ipi? Nani amemwambia kuhusu Jumamosi?

Nikafungua zilizotumwa. Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye simu ya Barakoa kwenda kwa "Dada," na Dada wa mfumo alikuwa mmoja: dada wa Barakoa, dada wa mhasibu na dada yangu, niliyemhifadhi enzi za amani, wote wamefungwa kifurushi kimoja. Barakoa aliandika: "Dada, shikamoo. Nimekosa mimi. Maneno niliyokwambia yalikuwa ya hasira na hasira zangu unazijua tangu utoto. Nimechoka kununiana. Nikija Jumamosi utanifungulia?" Na kwa kuwa kila kitu sasa kilitoka kwa namba ya mapokezi, namba ambayo kule kwa Dada iliita kila siku saa ya chai, Dada alijua ni mimi.

Damu ikanipanda. Nimeombewa radhi! Miezi yote ile nimekaa na haki yangu, nimeitunza, nimeipiga pasi, halafu mpulizaji dawa anaingia na bomba lake anaimwaga yote chini kwa sentensi nne! "Nimekosa mimi." Mimi? Nilimwona Dada akilini mwangu anamsomea shoga yake ujumbe ule, anatikisa kichwa kwa huruma ya ushindi. Sikusoma zaidi ya hapo. Nikaandika: "Ujumbe ule haukutoka kwangu. Ni hitilafu ya mfumo. Mimi sijakosa chochote." Niliandika vizuri, na nukta zake. Kidole kikasogea kwenye "tuma."

"Pilipili," Barakoa akachungulia, "dada yangu hajajibu?"

Nikamgeuzia kioo aone mwenyewe. Dada wa mhasibu amejibu: "Nimekusamehe, ila gauni langu lirudi." Dada wa Barakoa amejibu: "Wewe nani? Kama ni matapeli, humu hamna kitu." Uso wake ulilegea pande zote mbili, masharubu yakashuka.

"Hakuijua namba," akasema.

"Ulimkosea nini huyo dada yako?"

"Mimi? Sikumkosea. Yeye ndiye alisema mbele ya wakwe zangu kwamba sitakuja kuwa mtu."

"Sasa mbona umeandika umekosa?"

Akakaa kwenye kiti cha wageni, kikalia. "Nilitaka kwenda kula kwake."

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Pilipili, mimi mchana nimefunikwa uso, hakuna anayeongea na mimi isipokuwa panya. Nikirudi nyumbani niko na haki yangu. Tunaangaliana. Haiongei, haipiki."

Nikamwambia huo ni upuuzi na kwamba mtu mzima hawezi kukiri kosa la mtu mwingine kwa sababu ya sahani ya wali. Akasema hajui, labda. Nikaichomoa namba ya dada yake kutoka kwenye kifurushi, nikampa simu yangu ya mezani apige mwenyewe. Mwanamke yule alimgombeza kwa sauti niliyoisikia mpaka mimi. Alimgombeza kuhusu wakwe, kuhusu kutopiga simu, kuhusu kuoa mbali. Barakoa alijibu "ndiyo dada" kila baada ya pumzi, na macho yake yalikuwa yanatoka maji. Alipokata, akajifuta kwa kitambaa cha kufutia barakoa na kuniuliza kama ofisini tuna mfuko mzuri wa zawadi.

Ule ujumbe wangu sikuutuma. Usinipe sifa. Nilijiambia hivi: nitakwenda, nichukue namba ya mama, halafu nimwambie Dada ukweli ana kwa ana, nione sura yake inavyobadilika. Jambo zuri kama hilo huwezi kulipoteza kwenye simu. Ujumbe ukabaki kwenye rasimu. Majina ya kina Dada nikayatenganisha, nikafunga kompyuta.

Jumamosi nikaenda. Kwa Dada ni nyumba ya mwisho kwenye kichochoro cha saruji, mlango wa chuma wa kijani, na ndara zimepangwa nje kwa ukubwa, kwa maana ndivyo alivyo. Aligundua nimefika kabla sijagonga. Akafungua, akasimama na mwiko mkononi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Wewe umenenepa."

"Ingia."

Hotuba yangu nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nikasema moyoni, acha kwanza nimwone mama. Alikuwa sebuleni kwenye kiti chake kile kile, kimewekwa dirishani ili aone watu wanaopita na kuwasema. Redio haikuwepo, na sikuona kama anaihitaji. Nikapiga magoti mbele yake, nikampa mikono. Naye akanivuta karibu, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akanipapasa uso. Akapita kwenye mashavu, akapita puani, akafika juu ya mdomo, akapasugua kwa kidole gumba, mara moja, mara mbili.

"Masharubu yako wapi?" akauliza.

"Masharubu gani, mama?"

"Si mliandika? Nimesomewa. 'Ni mimi mdogo wako wa kiume, simu ni ya kazini, na nimefuga masharubu, usinicheke.' Nimekaa tangu juzi nasubiri kumwona huyo mtoto niliyemzaa bila kujua."

Kwenye mlango wa jikoni, Dada alikuwa ameganda na sahani mbili.

Kipande cha pili! Mfumo ulikata ujumbe wa Barakoa kama ulivyokata wa mwalimu mkuu, na mimi kwa hasira zangu niliishia cha kwanza. Cha pili kilikuja kilipojisikia, na kwa Dada kilikuja mapema.

"Mama naye!" akasema Dada. "Nilikwambia nini kuhusu masharubu?"

"Uliniambia ninyamaze. Nimenyamaza tangu juzi, mimi ni mgonjwa?"

Nikainuka. "Ulijua si mimi?"

"Wewe?" Dada akaweka sahani mezani kwa kishindo. "Wewe ukifa leo utaacha wosia wa kunilaumu. 'Nimekosa mimi.' Nilivyosoma neno hilo la kwanza tu nikajua ama si wewe, ama umetekwa nyara. Kipande kingine kilipokuja na masharubu yake, nilicheka mpaka nikakaa chini."

"Na bado ukanijibu."

"Nilimjibu aliyetuma." Akawa anapanga vijiko ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. "Halafu nikajua utakanusha. Nakujua. Nikasema, haya, subiri, haipiti saa atakuwa ameandika. Nikashika simu. Nimepika nayo, nimefua nayo, usiku nimelala nayo chini ya mto. Kila ikilia moyo unaruka, naona ni tangazo." Akakohoa. "Hukukanusha."

Nikawaza ule ujumbe wangu kwenye rasimu, na nukta zake zote mahali pake. Hotuba yangu nayo ilikuwa bado mdomoni, na sasa haikuwa na wa kuambiwa.

"Nilikuwa na kazi nyingi," nikasema.

"Najua," akasema Dada. "Kaa ule."

Tukala. Mama akauliza nilikula nini wiki nzima, nikamwambia, akakosoa kila kitu, mpaka maharage. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi, na mama hakurudishwa kwangu, wala hakuna aliyelitaja hilo. Ila mama alitaka kujua kama huyo mwenye masharubu ameoa, na kama hana mtu wa kumpikia, kwa nini sikuja naye. Nikamwambia leo yuko kwa dada yake. Akasema basi Jumamosi ijayo, tukija wote wawili, ataona nani mrefu.

Baada ya chakula nikatoa simu yangu mwenyewe, si ya ofisi, nikaomba namba ya mama. Neno "tafadhali" likatoka lenyewe, nikaliona limeshapita. Dada akanitajia tarakimu moja moja kama anayempimia mtoto dawa. Nikaandika majina ya mama yote matatu, nikaongeza na mtaa. Sanduku la posta hana.

Dada alikuwa anachungulia kwenye bega langu. Akaona nimemaliza, nimeweka simu mfukoni.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi hunihifadhi?"

"Yako naijua kwa kichwa."

Akainuka, akaenda jikoni kuangalia sufuria, na jiko alikuwa amelizima kitambo.